Mama Mdogo Kwenye Foleni ya Magauni

Mtaani walimwita Mama Mapazia, na jina hilo alilipenda. Alikuwa na chumba cha kazi kinachotazama barabara, cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga kwa miguu, na meza ndefu ya kukatia ambayo mumewe alimtengenezea kwa mbao za mlango wa zamani. Nyumba nyingi za upande wa juu wa mji, zile zenye madirisha makubwa, zilivaa kazi ya mikono yake. Kazi hiyo ilimzoeza kuingia sebule za watu wenye nafasi, kupanda ngazi yao akiwa na pini mdomoni, na kusikia mazungumzo yasiyomhusu.

Ni katika sebule moja ya namna hiyo alikokaribishwa chamani. Mwenye nyumba alikuwa daktari wa meno, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea kilichoitwa Ujirani Mwema. Kikundi chenyewe hakikuwa kikubwa. Walisafisha wodi ya watoto, walipeleka vitabu kwenye nyumba ya yatima, walizibua mitaro mvua zilipokaribia. Daktari alimwambia, yeye akiwa bado juu ya ngazi, kwamba watu wanaofanya kazi bila kunung'unika ni adimu na chama kinawataka. Mama Mapazia alishuka akiwa amekwisha kubali.

Kikao chake cha kwanza kilikuwa cha chai. Mke wa mwanasheria, aliyekuwa amekaa karibu naye, alimwuliza tu kwa kujaza kimya ni nani aliyemlea na kumfundisha adabu nzuri namna ile. Mama Mapazia alikuwa ameshika kikombe chembamba ambacho alikiogopa. Akajibu kwamba alilelewa na mama yake mdogo, muuguzi mkuu mstaafu, anayeishi mji mwingine. Hakuwa amelipanga. Lilimtoka kama kikohozi. Mke wa mwanasheria akasema hongera, wauguzi wa zamani walikuwa watu kwelikweli, mazungumzo yakahamia kwenye vitabu vya yatima.

Kwamba alilelewa na mama mdogo ilikuwa kweli. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mdogo wa marehemu akamchukua. Lakini mama mdogo huyo hakuwahi kuvaa sare nyeupe, alizifua. Alikuwa dobi. Alizunguka nyumba za watu akikusanya nguo kwenye shuka kubwa, akazifua kwenye karai uani, akazipiga pasi ya mkaa, akazirudisha zimekunjwa kama vitabu. Mikono yake ilinuka sabuni hata alipokuwa amelala. Kwa mikono hiyo alimsomesha mtoto wa dadake, kisha akampeleka kwa fundi kujifunza kushona. Alimwita Sisimizi, kwa sababu tangu mdogo hakukubali kutembea mikono mitupu. Kila akipita alibeba kitu.

Na huyo muuguzi mkuu wa mji mwingine aliishi bondeni, chini ya kilima, mwendo mfupi wa gari kutoka chumba cha mapazia.

Mama Mapazia hakumtupa. Alimpelekea sukari na mafuta, alimlipia kodi ya chumba, alimnunulia godoro. Ila alikwenda yeye. Kila mama mdogo aliposema anataka kuja kuwatembelea, aliambiwa barabara mbaya, mama, usijisumbue, nitakuja mimi. Mumewe, fundi saa, mtu mpole aliyezoea kutazama vitu vidogo kwa muda mrefu, aliwahi kumwuliza mbona mama hafiki kwao. Akajibiwa kwamba mama anachoka upesi. Fundi saa hakuwa mtu wa kurudia swali.

Mwaka huo mvua ilinyesha bila kupumzika mpaka watu wakaacha kuanika nguo. Alfajiri moja kilima kikameguka. Udongo ulishuka na miti yake na mawe yake, ukafunika safu nzima ya nyumba za bondeni, na nyumba zilizobaki pembeni zikajaa matope hadi madirishani. Kulipopambazuka mji wote ulikuwa umesimama barabarani ukitazama upande ule.

Mama Mapazia alipiga simu ya mama mdogo, haikupatikana. Akapiga tena na tena. Fundi saa alikuwa amekwisha vaa viatu, lakini habari zilikuja kwamba askari wamefunga njia kwa kamba na kwa asubuhi hiyo hawapitishi mtu asiye wa uokoaji. Muda si muda Daktari akapiga simu: manusura wamewekwa katika shule ya msingi iliyo nje ya bonde lakini ndani ya kamba, watoto wengi wako na nguo za kulalia tu zilizolowa matope, na kila mwanachama aje na anachoweza. Mama Mapazia akamwambia mumewe, "Mimi nitakuwa ndani ya kamba. Nitamtafuta." Fundi saa alikubali. Alimpakilia cherehani ya kukanyaga kwenye gari la chama, pamoja na marobota ya mabaki ya vitambaa vya mapazia, akabaki amesimama mlangoni.

Shuleni madawati yalikuwa yametolewa nje na kupangwa juu kwa juu. Madarasani watu walikaa sakafuni kando ya kuta. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imeshika kila kitu, hata mkate. Mama Mapazia alipita darasa baada ya darasa akiwa amevaa kizibao cha bluu cha chama, akitazama nyuso. Hakumwona. Palikuwa na mwalimu mlangoni aliyejua nani yuko wapi, na kumwuliza kungechukua nafasi ya neno moja. Lakini Daktari na mke wa mwanasheria walikuwa wamesimama pale pale na huyo mwalimu. Akajiambia atauliza mchana, watakapokuwa wametawanyika.

Wakamwekea cherehani barazani. Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza: mtoto anasimama, anapimwa kwa utepe, kitambaa kinakatwa, gauni au kaptula inatoka. Hapakuwa na muda wa vifungo. Alitia kamba kiunoni. Watoto walipanga foleni wakinyamaza, kisha mmoja akatoka amevaa maua makubwa ya sebule fulani ya kifahari, akajitazama, akasema, "Mimi ni dirisha la jikoni." Aliyemfuata akasema yeye ni la ukumbini. Wa tatu, aliyepata kitambaa cha kahawia, wakamwambia ni la chooni, akakimbia kuwapiga. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo watoto kucheka. Daktari, aliyekuwa amepiga magoti akishika pini, naye akacheka. Mama Mapazia alijisikia mwepesi. Alikuwa mahali pake, anafanya kazi yake, watu wanamwona anaifanya.

Foleni ilisogea. Akainua uso kumwita anayefuata, akaona msichana mdogo amevaa shati la mwanamume lililomfika miguuni, na nyuma yake, mkono mmoja begani mwa mtoto, mama mdogo.

Alikuwa na koti lisilo lake. Nywele zilikuwa zimegandamana kwa udongo, na kwenye shavu palikuwa na mkwaruzo mrefu uliokauka. Mikono ilikuwa misafi. Alikuwa nyuma ya darasa la mwisho, kwenye tangi la maji, akifua nguo za watu tangu alipofikishwa pale. Ndiyo sababu hakuonekana madarasani.

"Sisimizi," alisema mama mdogo. Hakupaza sauti. Alilisema kama mtu anayeweka mzigo chini.

Daktari alitazama huku na huku. "Mnafahamiana?"

Ilikuwa kama kuanguka ngazini, mtu anapoona anaanguka na bado ana nafasi ya kushika kitu. Mama Mapazia hakushika. Alimwona Daktari, akamwona mke wa mwanasheria akija na chupa ya chai, akaliona koti lile.

"Hapana," alisema. "Nadhani amenifananisha."

Mama mdogo alimtazama. Haukupita muda mrefu. Kisha akamgeukia Daktari, akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Kweli, nimemfananisha. Nina mtoto wa dada yangu anayefanana naye. Matope bado yako machoni. Samahani sana, mama."

Hilo "mama" alimwambia Mama Mapazia. Ni neno tunalomwambia kila mwanamke tusiyemjua.

Daktari alimpa pole, akamwuliza kuhusu mtoto. Mama mdogo akaeleza kwamba si wake, ni wa jirani. Ukuta ulipoanguka alimsikia akilia upande wa pili, akamvuta kwa mguu kupitia mahali palipokuwa dirisha. Mama wa mtoto hajaonekana. Baba yake ni dereva wa lori, yuko safarini mbali, na labda hajui. Wakati wote huo Mama Mapazia alikuwa anampima yule mtoto. Alimpima kifua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuona namba. Akakata kitambaa cha kijani, akakanyaga cherehani, uzi ukakatika, akautunga tena, ukakatika. Gauni lilipokwisha, mama mdogo alilishika, akapitisha kidole gumba kwenye pindo kama alivyofanya maisha yake yote na nguo za watu.

"Mshono mzuri," alisema. "Mungu akulipe, mama."

Akaondoka na mtoto.

Mchana Mama Mapazia alibeba chai na mkate kwenda darasa la mwisho. Alitaka kumnong'oneza neno, hata hakujua neno gani. Mke wa mwanasheria akamwona, akasema ngoja nikusaidie kubeba, wakaenda pamoja; na walipofika mlangoni Mama Mapazia alimkabidhi mwenzake sinia lote, akasema amesahau mkasi. Alasiri gari la chama likapiga honi. Akapanda.

Fundi saa alikuwa mlangoni vile vile, kana kwamba hakuwa ameondoka. "Umemwona?"

Kusema amemwona kulikuwa ni kusema kwa nini hakuja naye. "Sijamwona," alisema. "Nimetazama kila darasa."

Mumewe akaingia ndani. Akachukua koti akatoka. Mama Mapazia alikaa kitini na viatu vyake vya matope, akiwa na hakika kwamba amekwenda shuleni, kwamba atamkuta, kwamba yote yatajulikana. Na kwa namna fulani alingoja hilo kama mtu anayengoja jino ling'olewe. Lakini fundi saa alikuwa amemwamini mkewe. Ikiwa shuleni hayupo, palibaki mahali pamoja pa kumtafuta.

Alirudi jua linazama. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye bomba la uani akanawa mikono, akanawa tena, akapaka sabuni hadi viwiko. Mkewe akatoka kumtazama.

"Nimetoka hospitali," alisema bila kugeuka. "Wamewalaza marehemu ukumbini kwa sababu chumba chao kimejaa. Hakuna anayejua nani ni nani. Unafunua mwenyewe." Akafunga bomba. "Nimewafunua wote, mke wangu. Wapo wengine ilibidi niwafute uso kwanza. Hayupo. Kesho wataleta wengine, nitakwenda tena."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mama Mapazia alikuwa ameisikia methali hiyo tangu utotoni na hakuwahi kudhani yule wa kwao atakuwa mtu huyu, aliyezoea kushika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele, amesimama uani maji yakimchuruzika. Akamwambia. Alimwambia akiwa amesimama, moja kwa moja, tangu kikombe chembamba hadi honi ya gari. Hakulia, kwa sababu aliona hata kulia hana haki nako.

Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho. Alichosema ni kwamba baada ya magharibi askari hawapitishi gari, hivyo watakwenda asubuhi. Kisha akaingia ndani, akatandika godoro la wageni na shuka safi, kama mtu aliyekwisha mkaribisha mgeni.

Asubuhi walimkuta mama mdogo kwenye tangi la maji, mikono ndani ya karai, msichana wa gauni la kijani amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mama Mapazia alikuwa ameacha kizibao nyumbani. Akapiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo, mama."

Mama mdogo alikamua nguo aliyokuwa nayo mpaka tone la mwisho. "Marahaba," alisema. "Inuka, unachafua sketi." Akamwitikia na fundi saa, akamwuliza habari za kazi, habari za mgongo wake, kama vile wamekutana sokoni.

Wanachama walikuwa wamekwisha fika. Daktari alikuja na ndoo mkononi, na Mama Mapazia akasimama akasema kabla ujasiri haujamkimbia: huyu ndiye aliyenilea. Si muuguzi, hakuwahi kuwa muuguzi, ni dobi, na jana alinijua na mimi nilimjua. Alisema kwa sauti, na mke wa mwanasheria alisikia, na mwalimu, na watu waliokuwa dirishani.

Daktari aliweka ndoo chini. "Udobi si neno," alisema. "Mimi bibi yangu aliuza kuni, na sikumbuki kama umewahi kuniuliza. Lakini jana ulipanda gari ukamwacha hapa alale sakafuni."

Aliokota ndoo akaenda zake. Mama Mapazia alibaki akifahamu kwamba kile alichokilinda miaka yote hakikuwa na mwizi. Hakuna aliyekuwa akikitaka. Hilo lilimchoma kuliko kama angetukanwa.

Alimwomba mama mdogo waende nyumbani, gari lipo. Mama mdogo alikataa. Baba wa mtoto akija, alisema, atamtafuta mwanawe hapa. Akiambiwa amechukuliwa na watu wasiojulikana, atachanganyikiwa. Kisha, mikono ikiwa imerudi kwenye maji, akasema neno pekee alilowahi kulisema juu ya jambo lile maisha yake yote.

"Wewe kunikana, nilikuelewa. Nilikuelewa hata kabla hujafumbua mdomo. Kilichoninyima usingizi ni kwamba na mimi nilikusaidia. Nilikutengenezea uongo wako ukae vizuri, kama ninavyokunja nguo. Nikajiuliza, kumbe ndivyo nilivyokulea?"

Mama Mapazia akachuchumaa kando ya karai. Alichukua nguo kutoka kwenye rundo, akaanza kufua.

Alikaa shuleni siku zote zilizofuata. Mapazia ya watu yalingoja. Mchana alishona barazani, jioni alisuuza nguo ambazo mama mdogo amefua, na alilala darasa la mwisho kwenye mkeka, mtoto katikati yao. Darasani habari zilikuwa zimeenea. Siku ya kwanza alipoingia amebeba ndoo, ajuza mmoja aliyekaa pembeni, aliyekuwa kiziwi kidogo na hivyo alinong'ona kwa kelele, alimwuliza mama mdogo, "Ndiye huyu aliyekukana?"

"Ndiye," alijibu mama mdogo. "Vuta miguu, apite."

Chumba kizima kilivuta miguu. Akapita na ndoo yake katikati ya nyayo za watu, uso ukimwaka, na hakumwaga hata tone.

Baba wa mtoto alifika hatimaye, nguo zake zikiwa na vumbi la safari, macho mekundu. Alimtambua mwanawe ndani ya kitambaa kile cha kijani, akakaa chini pale pale barazani, akampakata. Mkewe alikuwa amepatikana kabla, na si akiwa hai. Mama mdogo alikaa naye kando, akamweleza kila kitu polepole, akimshika mkono. Walipoondoka kwenda kwa ndugu zao, ndipo alipokubali kupanda gari. Hakuwa na cha kubeba isipokuwa koti lile, na hata hilo alitaka kwanza kumtafuta mwenyewe amrudishie.

Aliishi nao mpaka mwisho wa maisha yake. Hakukubali kukaa bure. Aliteka pasi ya umeme ya mkwewe, akadai ina joto la kitoto, lakini akaizoea, na tangu hapo hakuna pazia lililotoka nyumba ile bila kupita mkononi mwake. Wateja wakimwuliza yeye ni nani alijibu mwenyewe, haraka, kuwa ni mama wa nyumba hii. Mama Mapazia aliandika kujitoa chamani. Daktari aliisoma karatasi akamrudishia, akamwambia Jumamosi kuna kupaka rangi wodi ya watoto, aje na viatu vibovu. Alikwenda. Wengine walimsemesha kama zamani, mke wa mwanasheria alichukua muda, na yeye hakumlaumu.

Watu wanaosimulia habari zake husema mama mdogo alimsamehe, na ni kweli. Walitaniana, waligombana juu ya chumvi, walicheka hadi kushika mbavu. Aibu iliyobaki haikuwa ya upande huo. Ilikuwa kwa mumewe, ambaye hakuwahi kumlaumu hata kwa nusu neno, na ambaye hakumwambia mtu aliyoyaona ukumbini. Aliendelea kutengeneza saa, aliendelea kumpakilia mkewe cherehani kwenye gari la chama. Ila wakitembea pamoja mjini, wakikaribia ukuta mrefu wa hospitali, fundi saa huvuka barabara na kupita upande wa pili, kwenye jua kali, pasipo na kivuli. Mama Mapazia huvuka pamoja naye, akitembea jirani yake mpaka ukuta uishe.